Nani Aliyekipa Kifo Jina Jingine?

Baba yake Jonas ni mtu mpole. Kazi yake ni kulea watoto wachanga wa jumuiya nzima, na anazungumza nao kwa ile sauti ya kitoto ambayo kila mzazi anaijua. Siku moja wanazaliwa pacha wa kiume wanaofanana kama shilingi kwa ya pili, na sheria ya pale hairuhusu watu wawili wenye sura moja. Baba anawapima. Mzito anapelekwa kulelewa. Mwepesi anachomwa sindano kwenye mshipa wa kichwani, anarusha mikono na miguu, analegea. Anawekwa ndani ya boksi na kusukumwa kwenye tundu la kutupia taka, huku baba akimuaga kwa sauti ileile ya kitoto. Jonas, mwenye miaka 12, anayaona yote kwenye rekodi. Mpaka dakika hiyo alikuwa anajua kwamba mtoto wa namna hiyo "huachiliwa" tu, akaenda zake Kwingineko.

Hiyo ni sura ya 19 ya The Giver, riwaya ya Mmarekani Lois Lowry iliyotoka mwaka 1993 na kutunukiwa Newbery Medal mwaka uliofuata. Kwao Marekani imelalamikiwa mara nyingi na wazazi waliotaka iondolewe shuleni, na sura hii imechangia. Hofu yao inaeleweka. Hata hivyo, ni vigumu kupata riwaya nyingine ya vijana inayoonyesha kwa kurasa chache hivyo jinsi utawala unavyomfanya mtu mwema aue, arudi nyumbani, ale chakula cha jioni na wanawe, asihisi kwamba ameua.

Riwaya za aina hii wahakiki huziita distopia: hadithi za jamii ya kubuni iliyokwenda kombo huku wenye madaraka wakihakikishia kila mtu kwamba mambo ni shwari. Zile zilizoandikiwa vijana zimejaa vifo. Kijana ambaye hajazisoma huenda keshaziona kama filamu. Mzazi anayeokota kitabu kitandani mwa mwanawe na kukuta watoto wanauana uwanjani huwa na njia mbili za haraka, kunyang'anya au kunyamaza, na zote mbili zinamwacha mtoto peke yake na maiti. Ipo njia ya tatu, inayohitaji muda zaidi: kusoma naye, na kujua mahali pa kusimama na kuuliza.

Pa kusimama pa kwanza ni kwenye neno.

Kiswahili kina maneno mengi ya kukizunguka kifo. Mtu anafariki, anaaga dunia, anatutoka, anatangulia mbele ya haki. Mtoto mdogo anaambiwa babu amesafiri. Walimu wa lugha huita hii tafsida, na ni adabu njema, mkono unaowekwa begani mwa mfiwa. Tafsida ya jumuiya ya Jonas inafanana nayo kwa sauti, lakini inamtumikia mtu mwingine. Inamsitiri muuaji. Kijana aliyelelewa katika Kiswahili tayari ana sikio la kuzitofautisha hizi mbili, kwa sababu ameishi ndani ya ile ya kwanza tangu utotoni. Kinachobaki ni mtu mzima kumwonyesha kwamba ya pili nayo ipo.

Akishaonyeshwa, ataiona kila mahali. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008), siku ya kuwakusanya watoto 24 watakaouana mbele ya kamera inaitwa siku ya kuvuna, na watoto wenyewe wanaitwa kwa neno ambalo zamani lilikuwa la kodi ambayo walioshindwa vita walimpelekea mshindi. Katika Unwind ya Neal Shusterman (2007), wazazi wanaruhusiwa kutia saini ili mtoto wao wa kati ya miaka 13 na 18 "afumuliwe" kama sweta: viungo vyake vyote vinapandikizwa kwa watu wengine, na sheria inasema hajafa, kwa kuwa karibu mwili wake wote bado u hai. Mwandishi huyohuyo, katika Scythe (2016), ameliita tendo la kuua kwa neno la kuokota masazo. Msomaji wa Biblia analikumbuka neno hilo kwenye kisa cha Ruthu, mjane maskini anayewafuata wavunaji shambani ili apate chakula. Neno la huruma limechukuliwa kutoka mkononi mwa maskini likakabidhiwa mwenye silaha.

Vitabu hivi vingi husomwa kwa Kiingereza, na mzazi anaweza kudhani hilo ni kikwazo. Ni nafasi. Mwalimu amwombe kijana alitafsiri neno moja tu, lile linalofunika kifo katika riwaya anayoisoma. "Release" ya The Giver itafsiriwe vipi? Kijana atajaribu kuachilia, kuruhusu, kufungua, kuondoa. Kila jaribio litamkwaza, mpaka afike kwenye kuua na kutambua kwamba ndilo neno pekee linaloitoshea sura ya 19. Amefanya kazi ya mhakiki bila kufundishwa nadharia yoyote.

Zoezi la pili linatoka moja kwa moja kwenye somo la sarufi. Kauli ya kutendwa humficha mtendaji: "mzee ameachiliwa", "mtoto amefumuliwa", "majina yamevunwa". Darasa lichukue sentensi tano za namna hiyo kutoka kwenye riwaya na kuzigeuza ziwe kauli ya kutenda, kila moja ikiwa na mtendaji wake. Nani kamwachilia? Ni nani hasa aliyeshika sindano, na ni nani aliyeandika kanuni aliyoifuata mwenye sindano? Katika riwaya nzuri swali la pili huwa gumu kuliko la kwanza. Baba yake Jonas anafahamika. Waliotunga kanuni walikwisha kufa vizazi vingi nyuma, na kanuni bado inaua.

Baada ya neno, hesabu. The Hunger Games inatokea Panem, nchi iliyojengwa juu ya magofu ya Amerika Kaskazini, yenye makao makuu tajiri yaitwayo Capitol na wilaya 12 zinazoyalisha. Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingizwa kwenye kura mara moja. Mwaka unaofuata linaongezwa tena, na hivyo hivyo hadi miaka 18. Kufikia hapo kura inaonekana haina upendeleo. Lakini mtoto wa maskini anaruhusiwa kuliongeza jina lake ili apewe mgawo kidogo wa nafaka na mafuta wa mwaka mzima, kwa ajili yake na kwa kila mtu wa nyumbani, na majina hayo hayafutwi mwaka ukiisha. Katniss Everdeen anatoka nyumba ya watu watatu, kwa hiyo kila mwaka jina lake linaingia mara 4. Akiwa na miaka 16, amefikisha mara 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na nyumbani kwao wako watano. Mara 6 kwa miaka 7 ni 42. Jina la binti wa meya, ambaye hajawahi kukosa chakula, limo mara tano hivi.

Hesabu hiyo inafaa kupigwa ubaoni, pole pole, na wanafunzi wenyewe. Collins hakuiweka kama pambo. Anaonyesha jinsi njaa inavyogeuzwa kuwa hatari ya kufa kwa njia inayoonekana halali, yenye karani, daftari na foleni, na jinsi maskini anavyofanywa aseme kwamba alichagua mwenyewe. Wanafunzi wakishaiona, wanaweza kuulizwa swali linalowagusa zaidi: kwa nini utawala huu unahitaji kura kabisa, wakati una askari wa kutosha kuwachukua watoto wowote unaowataka? Majibu yatatofautiana. Mengi yatafika mahali pamoja: kura inawafanya majirani wachukiane. Gale, mwenye majina 42, anamkasirikia binti wa meya mwenye matano, na hasira yake haiwafikii waliobuni kura. Kisha darasa likumbushwe kwamba jina lililotoka siku ile lilikuwa la Prim, mdogo wake Katniss, mwenye miaka 12, aliyekuwa na karatasi moja tu.

Collins amewahi kueleza wazo lilivyomjia. Alikuwa akibadilisha chaneli za televisheni usiku, huku mashindano ya vijana wakigombea zawadi, kule picha za vita vya Iraq, mpaka vitu viwili vikaanza kuchanganyika machoni pake. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa anga aliyepelekwa Vietnam wakati yeye bado mtoto mdogo. Akaongeza kisa cha kale cha Kigiriki cha Theseus, ambamo mji wa Athens ulilazimika kupeleka Krete wavulana saba na wasichana saba waliwe na dubwana. Kutoka hapo linazaliwa swali ambalo mzazi hapaswi kuliacha: nani anatazama? Ndani ya riwaya watazamaji ni watu wa Capitol, wanaolia, wanaoshangilia, wanaotuma zawadi. Nje ya riwaya mtazamaji ni msomaji. Kijana anayesema sehemu aliyoipenda ni mapigano asikaripiwe. Aulizwe kwa upole kama watu wa Capitol wangesema nini wakiulizwa swali lilelile.

Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Gary Ross mwaka 2012, inasaidia hapa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inatofautiana na kitabu mahali muhimu. Rue, mtoto wa miaka 12 kutoka Wilaya ya 11 ya wakulima, anakufa uwanjani mikononi mwa Katniss, aliyejitolea kwenda badala ya Prim, naye anamfunika kwa maua. Kwenye filamu kamera inaruka hadi Wilaya ya 11, ambako watu wanafanya ghasia na kukabiliana na askari. Kwenye kitabu Katniss ndiye msimulizi na hawezi kuona yanayotokea huko. Anachopata ni mkate mdogo unaoshuka kutoka angani, uliotumwa na watu wa Wilaya ya 11 waliojinyima ili kuulipia. Mkate huo wamempa mtoto asiye wao. Kusoma ukurasa huo na kutazama tukio hilo jioni moja, kisha kuuliza ni lipi kati ya mawili lingemtisha mtawala zaidi, kunaweza kufungua mazungumzo ya saa nzima mezani. Ghasia zinajulikana namna ya kuzimwa. Mkate hauna jeshi la kupigana nalo.

Riwaya dhaifu za distopia huishia mtawala mbaya anapoanguka. Hapo ndipo mshauri mzuri wa kusoma anapotakiwa kumsukuma kijana mbele, hadi Mockingjay ya mwaka 2010, kitabu cha tatu cha mfululizo wa The Hunger Games, ambacho wasomaji wengi walikipokea kwa uchungu kwa sababu kinakataa kuwapa sherehe. Waasi wameshinda. Kiongozi wao, Coin, anapendekeza mashindano ya mwisho, safari hii yakiwahusisha watoto wa Capitol. Mabomu yaliyomuua Prim yalilipuka mara mbili, mlipuko wa pili ukiwasubiri waliokimbilia kusaidia majeruhi, na mbinu hiyo ilikuwa imebuniwa upande wa waasi, Gale akiwa mmoja wa waliobuni. Nani aliyatupa, kitabu hakithibitishi. Katniss anapopewa upinde amuue Rais Snow aliyepinduliwa, mshale wake unampata Coin.

Msomaji wa Kiswahili ana pa kulinganishia. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, ilitoka mwaka 1967, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vinakumbuka mwisho wa yule farasi mwenye bidii. Amefanya kazi hadi mapafu yamemshinda. Nguruwe wanamuuza kwa mchinjaji, kisha wanawatangazia wanyama wenzake kwamba amefia hospitalini akihudumiwa vizuri. Mapinduzi yalikuwa yao wote. Haki ya kusimulia kifo imebaki kwa wachache. Kijana aliyesoma Mockingjay na babu yake aliyesoma Shamba la Wanyama miaka ya 1970 wanaweza kukaa kibarazani na kuzungumza kitabu kimoja, na itakuwa hasara kubwa kama hakuna atakayewakutanisha.

Shusterman, katika Scythe, amelivaa suala la mauti kutoka upande mwingine kabisa. Itakuwaje kama hakuna anayekufa tena? Maradhi, uzee na ajali vimeshindwa; anayeanguka kutoka ghorofani hufufuliwa baada ya siku chache. Dunia inaendeshwa na mtambo wenye akili uitwao Thunderhead, usioonea mtu. Jukumu moja tu haukukabidhiwa: kuamua nani afe. Hilo limeachiwa kundi dogo la binadamu, kila mmoja akitakiwa kuua watu 260 kwa mwaka, yaani watano kila wiki, ili idadi ya watu isifurike. Wanavaa majoho, hawawajibiki kwa mtu yeyote nje ya chama chao, na anayeruhusiwa kuibusu pete yao anapata kinga ya mwaka mzima. Watu wanawapisha njiani na kuwapa bure chochote wanachotaka.

Wauaji hao hawafanani. Faraday anafuata takwimu za vifo vya enzi ambayo watu walikuwa bado wanakufa wenyewe, na kumtafuta mtu anayelingana nazo. Curie anatembea kati ya watu akiwachagua wale anaowaona wamechoka na maisha. Goddard anaua kwa makundi, na anafurahia. Kijana akiulizwa ni nani kati yao aliye mwadilifu, ni rahisi kumtaja Faraday haraka. Hapo asiachwe apumzike. Kwa yule anayeuawa, takwimu za Faraday zina faida gani? Na je, ni salama kuacha mamlaka makubwa kiasi hicho yategemee tabia njema ya mtu mmoja, kwa kuwa leo amekaa Faraday na kesho anaweza kukaa Goddard? Maswali haya ya katiba na mipaka ya madaraka, ambayo kwenye somo la uraia huwachosha wanafunzi, ndani ya riwaya hii yana damu na jina.

Kuna tukio dogo mwanzoni mwa kitabu ambalo lina thamani kuliko mapigano yote yanayofuata. Rowan, mvulana wa kawaida, yuko shuleni wakati muuaji mmoja anapokuja kumchukua mwanafunzi mwenzake ambaye wala si rafiki yake. Rowan angeweza kuondoka. Anakataa, anamshika yule kijana mkono mpaka anapokufa, ili asife peke yake. Baadaye shule nzima inamtenga, kana kwamba yeye ndiye aliyeua.

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanalielewa tukio hilo kuliko mwandishi alivyoweza kutarajia. Wamekwisha kufika msibani. Wamebeba viti, wameona turubai likifungwa, wamewasikia kina mama wakikesha na mfiwa sebuleni kwenye mikeka. Wanajua kwamba mtu haachwi peke yake na kifo. Ambacho hawapewi mara nyingi ni ruhusa ya kuuliza: wanatumwa maji, wanaambiwa wanyamaze, wanaambiwa marehemu amepumzika. Kitendo cha Rowan ni kile ambacho majirani hufanya, na mzazi anaweza kuanzia hapo kumwambia mwanawe kwa nini watu hukesha, kwa nini huosha, kwa nini husali, na kwa nini hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo. Mzazi Mwislamu au Mkristo anayeshtushwa na riwaya iliyoweka mauti mikononi mwa binadamu ana swali zuri zaidi la kumuuliza kijana wake kuliko kukifunga kitabu: wanadamu wa hadithi hii wamejitwalia cheo cha nani, na kimewafanya wawe watu wa namna gani?

Umri nao una maana. The Giver inamfaa mtoto wa miaka 11 au 12 akiwa na mtu mzima karibu. The Hunger Games isubiri hadi 13, na Scythe hadi 14. Unwind ina sura moja inayosimulia, kutoka machoni mwa kijana mwenyewe akiwa macho, jinsi anavyofumuliwa kiungo baada ya kiungo. Ni miongoni mwa kurasa za kutisha zaidi zilizoandikwa kwa ajili ya vijana. Mzazi aisome kwanza yeye. Noughts & Crosses ya Mwingereza Malorie Blackman (2001), ambamo watu weusi ndio watawala na weupe ndio wanyonge, inaishia na kijana kunyongwa na dola huku mpenzi wake akiwa mjamzito; inahitaji msomaji wa miaka 15 hivi. Haya ni makadirio tu, na mama anayemjua mwanawe anazo hoja zenye uzito kuliko umri ulioandikwa nyuma ya jalada.

Zaidi ya umri, iangaliwe misiba. Mtoto aliyefiwa na ndugu hivi karibuni asikabidhiwe kifo cha Prim kwa kushtukizwa. Aambiwe mapema kwamba ndani ya kitabu kuna mdogo mtu atakayekufa, kisha aachiwe achague. Wapo watakaokataa na wapo watakaokimbilia ukurasa huohuo, kwa sababu hatimaye kuna mtu anayesimulia wanachokijua. Na kijana anayelia kwa sababu ya Tris, shujaa wa Divergent ya Veronica Roth, anayeuawa katika kitabu cha tatu cha mwaka 2013, asiambiwe kwamba hiyo ni hadithi tu. Machozi yake ni ya kweli.

Kwa kijana anayeomboleza, kumbukumbu ndiyo njia ambayo riwaya hizi zenyewe zinaielekeza. Lowry alikulia kwa muda Tokyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika mtaa wa Wamarekani uliozungushiwa uzio, na akiwa na miaka 11 alikuwa akitoroka kwa baiskeli kwenda kuona maisha ya nje ya uzio huo. Miaka mingi baadaye baba yake, mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, alitazama picha ya dada yake Lowry aliyefariki kijana, akamtaja jina kwa furaha, na hakuweza kukumbuka yaliyompata. Hakuwa na huzuni. Lowry akajiuliza kama huo ni unafuu au ni hasara, na swali hilo likawa jumuiya ya Jonas, ambako watu wote wameondolewa kumbukumbu ili wasiumie, na ambako mtu mmoja tu ameachiwa kubeba maumivu ya wote. Collins naye anawamalizia Katniss na wenzake waliobaki wakiandika kitabu cha marehemu wao: ukurasa wa kila mtu, picha au mchoro, na mambo madogo ambayo si haki kuyasahau.

Jambo hilo limefanyika nje ya riwaya pia, na karibu. Nchini Uganda, akina mama waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, kupitia shirika lao la NACWOLA lililoanzishwa mwaka 1992, waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo umetoka wapi, mtoto alizaliwaje, mama alipenda nini. Mwandishi wa Sweden Henning Mankell aliwatembelea na kuandika juu yao. Baada ya kumaliza Mockingjay, daftari la kurasa 40 linatosha kwa familia kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya babu, shangazi au mtoto waliyempoteza. Kijana ndiye awe mwandishi, wakubwa wawe wasimulizi.

Mzazi asishangae pia kama riwaya itamfikisha kijana kwenye habari za dunia. Ishara ya vidole vitatu ya The Hunger Games, ambayo katika Wilaya ya 12 ya kina Katniss ni desturi ya kale ya kumuaga mpendwa, hasa mazikoni, ilinyanyuliwa na waandamanaji wa Thailand baada ya jeshi kutwaa madaraka mwaka 2014. Novemba mwaka huo wanafunzi walikamatwa kwa kuionyesha mbele ya waziri mkuu. Baada ya mapinduzi ya Februari 2021 ikaonekana Myanmar, wahudumu wa afya wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia. Kijana anayefahamu ishara hiyo ilianzia kwenye msiba ataelewa walichokuwa wakikisema kuliko anayeijua kutoka kwenye picha za filamu pekee.

Wanafunzi wa kidato cha juu waliozoea maswali haya wasiishie kwenye vitabu vya Marekani. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) inampeleka Dzombo, aliyehukumiwa kifo, hadi kwenye jamii ya kubuni ya watu waliojijengea usawa. Aliyeiandika alikuwa mwanazuoni wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) ni ngumu zaidi, na inamzungusha msafiri wake katika dunia iliyoharibiwa na wenye nguvu. Hazikuandikwa kwa ajili ya vijana wadogo, na hilo lisimtishe mwalimu. Msomaji aliyekwisha kujiuliza nani amekipa kifo jina jingine yuko tayari kwa zote mbili.

Kwa anayetaka kuanza likizo hii, The Giver ina sura 23 fupi. Sura mbili kila jioni zinaimaliza kwa wiki mbili bila haraka. Jioni ya sura ya 19, mzazi aweke kando simu na shughuli nyingine, akae karibu na mwanawe, na asome yeye kwa sauti.